Mtu wa Kukanyaga Pedali

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hulala chini ya gari na spana, mwingine hukaa kwenye usukani, akikanyaga pedali na kuachia anapoambiwa. Gereji ya kiwanda cha mikate ilikuwa na fundi mmoja tu, kwa hiyo tangu Taratibu afariki, marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa akija kumkanyagia.

Taratibu alikuwa dereva wa kiwanda miaka kumi na tisa. Jina walimpa wenzake kwa mwendo wake. Walisema mikate ikipakiwa kwake ya moto, hufika imechacha. Breki zilimkataa kwenye mteremko wa stesheni. Siku ya tatu baada ya maziko aliingia gerejini saa mbili asubuhi, akatundika koti, akauliza wanaanza na gari gani. Fundi akamwonyesha. Hawakuwahi kuizungumzia karatasi ya ukaguzi wa gari lake. Fundi ndiye aliyeitia saini, huku akijua pedali ilikuwa laini, kwa kuwa mkuu wa magari alimwambia kipuri kiko njiani.

Kiwanda kilimpa binti wa marehemu kazi ya baba yake, kama kifuta machozi.

Jumatatu moja binti huyo aliingiza gari lake gerejini. Alisema pedali inabonyea kama mto wa kulalia, na breki hazishiki mpaka ukanyage mara mbili. Alimwamkia fundi, akamwamkia baba yake, akawapisha.

Walianza na gurudumu la nyuma, lile la mbali zaidi. Fundi alisema kanyaga, shikilia, akalegeza skrubu. Mafuta yakatoka meusi, yamejaa mapovu. Akakaza, akasema achia. Wakazunguka magurudumu yote manne mpaka mafuta yakatoka safi. Hapakuwa na mahali palipovuja. Kisha akawasha injini, akamwomba Taratibu akanyage na atulie hivyo hivyo.

Taratibu alikanyaga, akangoja.

"Inazama," alisema. "Polepole. Kama ile yangu."

Pedali inayozama bila tone kuvuja, ugonjwa wake ni masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki: raba za ndani zimekwisha, mafuta yanarudi yalikotoka. Hapo hakuna ujanja ila kufunga mpya.

Fundi alikwenda ofisini kwa mkuu wa magari. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akasema kipuri kiko njiani na mikate haingoji, akamsogezea karatasi. Fundi akasema hatii saini. Neno hilo alikuwa amelitafuna mwaka mzima, na alijiandaa kwa ugomvi. Mkuu hakugombana. Aliivuta karatasi, akaitia saini mwenyewe, akapiga muhuri, akauliza kama nje kuna dalili ya mvua.

Fundi alirudi gerejini. Binti alikuwa ameshapanda garini.

"Usilitoe, mwanangu," alimwambia. "Gari la baba yako nililiidhinisha mimi. Nilijua."

"Baba alinieleza," binti alisema. "Nikishuka mimi, atapanda mwingine. Na wadogo zangu hawashibi msimamo."

Fundi alimtazama Taratibu, akitumaini walau kutukanwa. Taratibu alikuwa akijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Alivaa koti, akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi na kufunga mkanda.

"Kule mteremkoni anza kukanyaga mapema, kabla ya duka la viatu," alimwambia binti yake. "Na mkono usitoke kwenye handibreki."

"Sawa, baba."

Getini mlinzi aliandika dereva mmoja, abiria mmoja, mikate mia nane. Jioni walirudi salama. Wakatoka tena kesho yake, na keshokutwa, na kila asubuhi baada ya hapo. Taratibu hakupata tena nafasi ya kukaa gerejini.

Mwezi uliofuata kipuri kilikuwa bado kiko njiani, na gari jingine la mikate likaletwa, pedali yake laini. Fundi alikata ubao, akaukaza kati ya kiti na pedali, akachukua spana, akalala chini ya gari.

"Shikilia," alisema, kwa mazoea.