Kipimo Chini ya Kidevu cha Bibi Rosalia

Bajaji ilishawashwa pale Chang'ombe, Bibi Rosalia yumo ndani anawahi basi la kurudi Masasi, bado kavaa gauni jeupe la ubatizo wa kitukuu. Nikamwambia dereva azime. Mie mpiga picha wa zamani, nikatoa kipima mwanga changu, kadogo kama kiberiti, nikakishika chini ya kidevu cha bibi.

"Mzee wangu, hicho kidude cha enzi za mkoloni," akasema Brightson, mjukuu wake. "Simu inapima yenyewe."

"Simu yako inapima gauni. Mie napima uso."

Jana yake Brightson alimpiga bibi picha arobaini kwa simu. Zote gauni linang'aa, bibi mwenyewe kivuli chenye meno.

"Basi litamwacha," Brightson akasema.

"Liniache," bibi akasema. "Miaka themanini na moja napigwa picha, sijawahi kujiona. Piga, mdogo wangu."

Nikairekebisha kamera yangu kama kipimo kilivyosema, nikapiga, nikamwonyesha. Akagusa kioo cha kamera.

"Chale zangu za usoni hizi hapa."

Basi lilimwacha kweli, akasafiri kesho yake. Alifariki Agosti, na picha iliyotangulia mbele ya jeneza ni hiyo. Brightson yuko Tegeta, anapiga harusi kwa simu. Mie siku hizi nipo Songea, na kipimo bado ninacho.