Kurasa Mbili Zilizozidi

Mzee Gidion alihesabu kurasa zetu mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama kule sekondari hesabu tulifundishwa au tulisimuliwa tu.

"Kumi na nane," alisema. "Nani kawaambia gazeti lina kurasa kumi na nane?"

"Gazeti ni letu, Mzee. Lina kurasa tunazotaka sisi."

Getruda alinikanyaga mguu. Yeye ndiye aliyepiga chapa kurasa zote na ndiye aliyeshika pesa, kwa hiyo mguu wangu ulikuwa mali yake. Tulisoma naye tangu kidato cha kwanza. Shuleni tulikuwa tunatoa jarida kwa stensili: ukipata habari mpya unaongeza karatasi, unabana pini, basi. Kwa elimu hiyo ndiyo tukaamua kuanzisha jarida la watu wazima, tukaliita *Furu*, kwa heshima ya samaki wetu mdogo anayeliwa na sangara kila siku na bado yupo.

Mzee Gidion alichukua karatasi pana, akaikunja katikati, akaniwekea mbele kama mwalimu wa chekechea.

"Hesabu."

"Nne."

"Karatasi moja, kurasa nne. Nne, nane, kumi na mbili, kumi na sita, ishirini. Kumi na nane ni karatasi nne na nusu, na mashine yangu haijui nusu. Ongezeni mbili au toeni mbili."

"Tukiongeza?"

"Karatasi nyingine nzima, na pleti mbili." Alionyesha ukutani, mahali yalipotundikwa yale mabati membamba ambayo kurasa hupigwa picha juu yake kabla ya kufungwa kwenye mashine. "Na karatasi siku hizi inafuata dola. Zamani ilifuata kibali. Kibali ulikuwa unaweza kukibembeleza."

Pesa ya kuongeza hatukuwa nayo. Na muda pia. Ilikuwa mwaka wa mgao wa umeme, na mtaa wetu zamu yake ya giza ilikuwa inaanza saa kumi na mbili jioni. Kesho yake asubuhi mitumbwi ya kukusanya samaki ilikuwa inaondoka Kirumba, mwalo wetu wa mitumbwi, kwenda visiwani. Ilikuwa wiki ya mbalamwezi, wiki ambayo wavuvi wa dagaa hawavui. Taa zao hazifai kitu mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo wanakaa kambini wanashona nyavu, wanacheza bao na kununua chochote kinachosomeka. Giza likirudi wanatawanyika ziwani na huwapati tena. Mimi wiki hiyo niliichagua kwa ajili ya biashara.

Dada Paskazia aliihitaji kwa jambo jingine. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, kanga ameifunga kifuani, mikono magotini. Ukurasa wa kumi na nane ulikuwa wake.

Mumewe, Odongo, aliondoka Kirumba Jumatatu baada ya Pasaka, peke yake, kupeleka mashine ya mtumbwi iliyotoka kutengenezwa. Alikuwa anakwenda kambini, kisiwa cha Kome. Hakufika. Hakuna mtumbwi ulioonekana, hakuna kasia, hakuna maiti. Mwenye mashine alitangaza mwalo mzima kwamba Odongo ameiuza na kukimbilia kwao Mara. Kwao Mara wakasema hawajamwona, na wakamwuliza Paskazia amemfanya nini mtoto wao. Yeye alikuwa anakaanga samaki pale Kirumba, nami nilikuwa mteja wake wa mkopo. Siku moja, badala ya kunidai, aliniuliza kama jarida letu litafika Kome. Nikasema litafika. Nikasema kwa mdomo huuhuu mnaoujua.

"Ukurasa wa kumi na saba una nini?" aliuliza Mzee Gidion.

"Vichekesho vyangu."

"Basi jibu mnalo. Toeni vichekesho."

"Mzee, wavuvi hawatoi shilingi mia mbili kusoma bei ya pamba. Ukitoa vichekesho halinunuliwi, na lisiponunuliwa huo wa kumi na nane nao hausomwi na mtu."

Ilikuwa kweli, ila nilivyoisema ilisikika kama najitetea. Getruda hakunitazama. Alikuwa anautazama ukurasa wa Paskazia, na nilijua anafikiria nini, maana mimi pia nilikuwa nimeanza kukifikiria.

"Kama ni wangu wa kutolewa," Paskazia alisema kutoka kwenye benchi, "mniambie sasa hivi. Nina sufuria nimemwachia jirani."

Saa ya ukutani ilikuwa imepita nane.

Getruda alinyanyua karatasi ngumu ya jalada. Ilikuwa imeshachapwa asubuhi na kukauka. Mbele jina letu, nyuma picha kubwa ya Mzee Shimba mwenye duka la nyavu na mashine za mitumbwi, akitabasamu. Tangazo lile ndilo lililokuwa linabeba theluthi ya gharama zote. Nusu alikuwa amelipa, na nusu aliahidi kulipa siku atakayoona uso wake umetoka vizuri. Getruda aliigeuza. Ndani kulikuwa kweupe.

"Huku mnachapa nini?"

"Hakuna," Mzee Gidion alisema. "Mmelipia upande mmoja."

"Lakini hii kadi tumeshanunua."

"Kadi ni yenu."

"Na huku ndani ni kurasa mbili."

Mzee Gidion alivaa miwani tena. "Zinataka pleti moja. Na kupitisha mashine mara ya pili."

"Tukipunguza nakala? Tuseme badala ya elfu, mia nane?"

Alipiga hesabu kwa midomo. "Karatasi ya nakala mia mbili... inakaribia pleti. Haya, inatosha."

"Kumbe!" nikasema. "Basi tuchape mia moja tu, tuwe matajiri."

"Ukichapa mia moja utanilipa karibu sawa na anayechapa elfu, mjinga wewe. Pleti haijui utapiga nakala ngapi. Nakala ya kwanza ndiyo inayokula ng'ombe. Zinazofuata zinakula majani."

Mimi ni Msukuma. Ukinieleza kwa ng'ombe naelewa mara moja. Nikawapisha, wakafanya kazi.

Ilipofika saa kumi na moja kurasa kumi na sita za ndani zilikuwa zimeshatoka, na pleti ya jalada ilikuwa imefungwa. Mashine ilikohoa tena, kisha ikashika mwendo, na majalada yakawa yanaingia kwa mgongo na kutoka na maandishi. Mzee Gidion aliangalia chache za mwanzo, akarekebisha wino, akaangalia tena. Paskazia alisimama. Aliuona ukurasa wake mbichi, unang'aa.

Hapo ndipo Mzee Shimba alipoingia.

"Shikamoo, Mzee," tukasema wote, mimi kwa sauti kubwa kuliko kawaida, nikajiweka kati yake na mashine.

"Marahaba. Uso wangu uko wapi?"

Nilimpa jalada kavu, mojawapo ya yale ya asubuhi. Alilipeleka dirishani. "Hili tumbo mlipunguze kidogo," alisema, lakini alikuwa amefurahi, mkono umeshaanza kwenda mfukoni. Kisha akamwona Paskazia.

"Wewe mama unafanya nini hapa?"

Mzee Shimba hakuwa mjinga. Alinipita, akachukua jalada kwenye rundo linalotoka mashineni, akatazama uso wake, akaligeuza. Wino ulimshika vidoleni. Alisoma polepole, midomo ikitembea.

*Odongo Owuor, mwenye kovu kidevuni, alitoka Kirumba Jumatatu baada ya Pasaka. Aliyemwona, hai au maiti, amwambie mkewe Paskazia, mkaanga samaki wa Kirumba. Hatamlaumu mtu.*

"Mwizi wa mashine yangu," alisema, "mnamwekea tangazo mgongoni mwa uso wangu?"

"Mzee, si tangazo..."

"Zima hiyo mashine."

Mzee Gidion alinitazama mimi, akamtazama Getruda, akazima. Nje mtu alikuwa anapiga honi ya baiskeli. Saa ilikuwa imeshakwenda robo.

"Nataka pesa yangu. Na uso wangu mkauchome."

Pesa yake ilikuwa imeshageuka karatasi, wino na pleti. Mimi ndiye niliyezoeleka kuwa na la kusema. Nikasema tu lililokuja.

"Mzee, wewe unaamini ile mashine iliuzwa?"

"Siamini. Najua."

"Basi iko mahali. Iko nyuma ya mtumbwi wa mtu, huko kambini, sasa hivi, wiki hii ya mbalamwezi, imefunikwa turubai. Na watu wote walioko kambini watashika karatasi hii."

Alinitazama kama anayetafuta mahali palipo na kichekesho. Hapakuwa na kichekesho.

"Kuna namba," alisema. "Kila mashine ina namba. Andikeni namba ya mashine yangu kwenye huo ukurasa. Hapo nitakubali."

Nilifurahi kwa pumzi moja, kisha nikaelewa. Ukurasa wa mke anayemtafuta mumewe ungegeuka ukurasa wa kumsaka mwizi. Mtu akiiona mashine, Odongo amekwisha, hata kama yu hai.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Hilo hapana. Ukurasa si wangu wa kuuza."

"Malimi," Paskazia aliniita. "Mbona unanijibia?"

Alisogea mpaka mezani. Sauti yake haikupanda.

"Iandikwe. Mashine ikipatikana majini, nitajua ziwa limemchukua. Ikipatikana imeuzwa, nitajua ameniacha. Sasa hivi sijui hata nivae nini. Wakwe zangu wananiuliza mbona sijanyoa, majirani wananiuliza mbona siolewi." Alimgeukia Mzee Shimba. "Lakini na jina lako liandikwe. Atakayeiona mashine, alete habari kwako. Atakayemwona mtu, alete kwangu. Na wewe ukipata habari yoyote, hata ile usiyoipenda, uje unieleze. Mbele ya hawa."

Mzee Shimba alijifuta wino kwenye suruali, akazidi kujichafua. "Sawa," alisema. "Nitakueleza."

"Haiwezekani," alisema Mzee Gidion.

Wote tukamgeukia.

"Kwenye pleti nafuta. Siongezi. Mkitaka mstari mpya ni kupiga chapa upya, kupiga picha upya, pleti mpya. Nani analipa? Na umeme unakatika."

Getruda alikuwa ameshaanza kukata nakala kichwani, nilimwona: mia nane, mia sita, na jarida lenye nakala mia sita tungelichapa kwa hasara hata lote likiuzwa. Basi nikajikohoza.

"Mzee Shimba. Nani anatafuta mashine?"

"Mimi."

"Jina la nani linaongezwa?"

"Langu."

"Na anayetaka watu waone ni nani?"

"Unanizungusha, kijana."

"Sikuzungushi, Mzee. Hilo ni tangazo. Tangazo lina bei, na bei yake ni pleti."

"Aisee!" Mzee Shimba alimgeukia Mzee Gidion. "Huyu ni mtoto wa nani huyu?"

"Sijui. Mchana huu alikuwa hajui karatasi ina kurasa nne."

Alitoa pesa, akiilalamikia kila noti. Getruda alikuwa ameshaingiza karatasi kwenye taipureta. Mzee Shimba alisoma namba kutoka kwenye risiti ya zamani, tarakimu moja moja, na Getruda akaipiga, akaikata kwa wembe, akaibandika chini ya maneno ya Paskazia. Tulimwachia Mzee Gidion chumba chake cha picha, tukasimama nje ya mlango wake, tukimsikia anamwaga dawa. Mwanga wa dirishani ulikuwa umegeuka njano.

Mashine iliwaka tena ikiwa imebaki nusu saa. Nilikuwa nalisha kadi kwa upande mmoja, Getruda anapokea upande wa pili, Paskazia anazitandaza sakafuni zikauke. Mzee Shimba, sijui nani alimtuma, alikuwa amepiga magoti na yeye anatandaza, anajitandaza uso juu, halafu anakumbuka na kujigeuza.

Umeme ulikatika kabla ya zamu yake. Mashine ilikwenda mizunguko mitatu kwa nguvu iliyobaki, ikasimama na kadi mdomoni.

Tulihesabu mlangoni, penye mwanga. Mia nne na thelathini zilikuwa na zile kurasa mbili. Zilizobaki zilikuwa nyeupe ndani.

"Basi nyeupe ziuzwe mjini," Getruda alisema. "Na Magu, kwa wakulima. Hao hawavui. Zenye maandishi zote visiwani."

"Kwa hiyo mjini vichekesho vyangu hawavioni?"

"Mjini wanakujua, Malimi. Umewachekesha vya kutosha."

Kurasa za ndani zilikuwa tayari. Tulikunja na kubana pini kwa taa ya chemli mpaka vidole vikauma, na Mzee Shimba akalipa nusu yake kabla ya kuondoka. Alisema tumbo tusiliguse, tuliache hivyohivyo.

Asubuhi nilibeba mzigo hadi Kirumba. Mpango ulikuwa nimkabidhi nahodha wa mtumbwi wa Kome. Nilimkuta Paskazia ameshakaa ndani, juu ya masanduku ya barafu, ameweka kikapu mapajani. Sufuria alikuwa amemwachia tena yule jirani.

"Utauza wewe mwenyewe?" nilimwuliza.

"Atauza nani? Nahodha atafungia sabuni." Alichukua nakala ya juu, akafungua jalada la mbele, ule upande wenye maneno yangu, akanyooshea kidole. "Hiki cha mkwe na mamba. Wakiniuliza kinachekesha wapi, niwajibu nini?"

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, na mikono, na sauti ya mkwe na sauti ya mamba. Nahodha alicheka mpaka akashika ubao. Paskazia alisikiliza hadi mwisho, uso haukubadilika, akafunga jarida na kulirudisha kwenye kikapu.

"Haya," alisema. "Wao wataelewa."

Nahodha alivuta kamba ya mashine mara mbili, ikawaka.