Paswadi ya Wamboga

Mimi sina subira, na yeyote aliyewahi kunipigia simu kuniambia "kompyuta imekufa" anajua. Kompyuta haifi ovyo. Mara tisa katika kumi waya umechomoka, au mwalimu amezima swichi ya ukutani kisha anamsingizia shetani. Kwa hiyo Mwalimu Orpah aliponipigia kutoka shule moja ya Nakaloke, karibu na Mbale, akisema mashine zote ishirini na mbili zimemkataa, nilimfokea kwanza, nikamsalimia baadaye. Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye gari la Mbale. Kutoka Jinja si karibu, na ningeweza kumtuma fundi wa hukohuko, lakini mashine zile zilifungwa na Wamboga.

Wamboga nimweleze mapema, tusizungushane. Ni Mgisu wa Wanale, mrefu, mpole, fundi mwenzangu kwa miaka minne. Tuligawana shule: mimi Jinja mpaka Budondo, yeye Mbale yote, na kazi kubwa tulizifanya pamoja. Kiswahili alijifunza kwa ajili yangu. Kwao wengi bado wanakisikia kama lugha ya wanajeshi, ya amri na kipigo. Kwetu sisi Wanubi ni lugha ya jikoni. Nilipomsahihisha alinipigia saluti: "Ndiyo, afande." Herufi r kwake haikuwepo. Alisema "kalibu", alisema "habali", na kwenye meseji aliandika hivyohivyo. Nilimcheka mpaka siku nilipogundua kwamba nikikaa siku mbili bila kuisikia "kalibu" ile, chakula hakishuki.

Miaka miwili iliyopita alipata kazi Juba, ya miezi sita tu. Jumapili, tarehe kumi na mbili Machi, alikuja Jinja kuniaga. Stendi pale alinishika mkono mbele za watu, akasema, "Nisubili, Mastula. Ntaludi." Alipofikisha miezi minne huko, simu yake ilizimika. Tangu hapo posa mbili zimeletwa nyumbani, zote nimezirudisha, na mama ameacha kuniuliza. Mtu usiyejua kama amekufa au amekuacha ni mzigo mbaya: huwezi kumlilia, huwezi kumtukana. Nilibaki na neno lake tu, nami nilikuwa nalishika.

Orpah alinipokea mlangoni. Ni Mkenya wa Bungoma, anafundisha Kiswahili, na kwa kuwa hakuna mwingine, funguo za chumba cha kompyuta anazishika yeye. Jumatatu wanafunzi wa Siniya Foo, yaani kidato cha nne, walikuwa na mtihani wa vitendo, na programu ya mtihani haikubali kuingia mpaka mashine ifunguliwe kwa jina la msimamizi. Tangu Wamboga aondoke hakuna aliyewahi kulihitaji jina hilo.

"Paswadi ninayo, dada Mastula," alisema. "Bwana Wamboga alinipa siku aliyomaliza kazi. Lakini mashine haziitaki."

Akanifungulia daftari. Kwa mwandiko safi wa mwalimu palikuwa pameandikwa neno moja: usinisubiri.

Nililisoma mara tatu. Nikajiambia ni mzaha wa fundi. Mashine kuukuu zinachelewa kuwaka, labda zenyewe ndizo zinazosema usinisubiri. Nikaliandika. Ikakataa. Nikaanza na herufi kubwa. Ikakataa. Wallahi nilifurahi. Nilijiambia basi silo lenyewe, mwalimu alisikia vibaya.

"Hii aliandika yeye mwenyewe ama ni wewe?" nikauliza.

"Ni mimi. Yeye alitaja kwa mdomo. Na Kiswahili chake, dada, kilikuwa kinaumiza masikio. Nikakinyoosha."

Nikaliandika tena neno lile. Kisha nikaifuta r, nikaweka l, na mashine ikafunguka.

Orpah akapiga makofi. "Kumbe kosa ni mimi kusahihisha! Naye hakuniambia kitu, bwana yule."

Aliendelea kucheka, nami sikuwa naye tena. Kompyuta inakumbuka siku neno la siri lilipowekwa. Ukijua pa kuuliza, inakuambia. Nikauliza. Ijumaa, tarehe kumi Machi, saa kumi jioni. Siku mbili kabla ya kunishika mkono stendi.

Sasa, ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, ndiyo inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, tarehe zote zinakuwa uongo. Katika maisha yangu ya ufundi sijawahi kuomba betri iwe imekufa, na siku ile niliomba. Najua vizuri kwamba betri iliyokufa inakurudisha nyuma miaka, hairudishi siku mbili. Bado nilichukua bisibisi. Niliifungua ile mashine tunayoiita mama, aliyoitengeneza kwanza kisha nyingine zote akazinakili kutoka kwake, nikapima. Volti tatu kamili. Ilikuwa nzima kuliko mimi.

Basi Ijumaa alikuwa ameshaamua, na Jumapili, aliponiona, ulimi ukamshinda. Alijua pia kwamba siku mashine zikigoma nitaitwa mimi. Nilimchukia na kumtamani kwa pumzi moja. Nilitaka atokee pale mlangoni aseme "kalibu", nimrushie bisibisi, kisha nimkumbatie.

Lakini Jumatatu ilikuwa haingoji mtu. Watoto wote wa mama, zile mashine zilizonakiliwa, walikuwa na neno lilelile, na kila mmoja alitaka liandikwe upya kabla ya kupokea programu. Nikavuta kiti, nikaanza.

Kwenye mashine ya kwanza niliandika kwa hasira mpaka kibodi ikalia. Ya tano nikaijibu kwa sauti, "Lakini ulisema nikusubiri." Ya tisa nikaanza kumtetea: labda aliiogopa Juba, labda hakutaka nizeeke bure nikimtazamia. Nikapanga sababu zake zote vizuri, moja baada ya nyingine, kama wakili aliyelipwa. Kufikia ya kumi na nne sababu zilikuwa zimeniishia, na neno lilikuwa palepale, na mimi ndiye niliyekuwa naliandika kwa vidole vyangu.

Orpah alileta chai, baadaye akaikuta imepoa, akaiondoa. Nikaendelea mpaka ya ishirini na mbili, kwenye pembe, karibu na dirisha. Hiyo niliiandika polepole, herufi kwa herufi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba ninaambiwa mimi. Nikalaza kichwa mezani, nikalia.

Mwalimu akaja mbio. "Vipi, dada? Hiyo nayo imekataa?"

"Hapana, mwalimu," nikamwambia. "Imefunguka."