Viganja vya Mwinyihaji

Mwanatabu hakuchora maua. Wanawake wengine wa Mtongwe waliopamba kuta zao walichora maua na nyota, wakasifiwa, wakaridhika. Yeye alichora hali ya hewa. Kila mwaka, masika yakishapita na kusi likianza kuvuma, alingoja ukuta wa mbele wa nyumba yake ya udongo ukandikwe upya na kukauka, kisha akachukua chokaa, masizi ya chungu na udongo mwekundu, akaandika pale yote aliyoyaona akiwa amekaa barazani.

Aliyoyaona yalikuwa ng'ambo ya maji: mikoko, kilima cha Changamwe na moshi wa viwanda. Watu hudhani ng'ambo ni ile ile siku zote, kwa sababu hawatazami. Wakati wa kusi moshi ule hushika njia ya bara na kuwaachia watu wa Mtongwe anga safi. Kaskazi likiingia hugeuka, ukawajia puani, na kilima chote kikapauka kama shuka iliyofuliwa mno. Na mikoko, ambayo mpita njia atakuambia ni kijani basi, ina kijani chake cha asubuhi na kijani chake cha mchana. Baada ya mvua ina kijani kingine, ambacho Mwanatabu alikitafuta miaka na miaka kwa majani ya kunde yaliyopondwa, asikipate.

Masika peke yake ndiyo hakuyachora. Angeyachoraje, na masika ndiyo yaliyomfutia kazi? Mvua kubwa iliupiga ukuta mpaka picha ikachuruzika barazani, naye alikuwa amezoea, maana mumewe Mwinyihaji alikuwapo. Mvua ikikatika, Mwinyihaji alichimba udongo, akaukanda kwa miguu, akaurusha ukutani tonge kwa tonge. Akimaliza, udongo ungali mbichi, alibandika viganja vyake viwili karibu na mlango, akacheka. Alisema hiyo ni sahihi yake, mke asije akajisifu kwamba ukuta ni wake peke yake. Mwanatabu alimkemea kila mwaka kwa kumharibia kazi, na kila mwaka alichora kuvizunguka viganja vile bila kuvigusa.

Katika vuli ya mwaka 1987 Mwinyihaji alishikwa na homa, na kabla watu hawajajua kama ni jambo la kutisha, akafa.

Mwanatabu akakaa eda. Kaskazi yote ya mwaka ule aliitazama dirishani, amevaa nguo nyeupe, na hakuna alichokiona kilichomwambia kitu. Kilima kilipauka, moshi ukaja, akafunga dirisha. Binti yake Mastura, aliyeolewa Kiembeni katika nyumba ya mawe, alianza kumwomba ahamie kwake. Mwanatabu alimjibu kuwa mwenye eda haondoki nyumbani kwa mumewe.

Siku eda ilipokwisha alitoka barazani, na cha kwanza alichokiona ni viganja. Vilikuwa palepale, vidole vimeachana, gumba la kushoto limepinda kwa jeraha la zamani la shoka. Cha pili alichokiona ni mawingu mazito upande wa baharini. Miaka yote mvua ilikuwa ikifuta viganja na Mwinyihaji akabandika vingine. Mwaka huu ikivifuta, nani angebandika?

Basi akakosea, na alikosea kama ambavyo angekosea mtu yeyote aliyekulia karibu na mashua. Jirani yake Katana, aliyekaa nyumba ya pili na mkewe Margaret, alikuwa akipaka rangi mashua za wavuvi kule chini ufukweni, na alikuwa amebakiwa na kopo la vanishi. Mwanatabu alimuuliza kama kweli inazuia maji. Katana, kijana mpole wa watu wa Rabai, alimjibu kwamba hiyo hupakwa mashua, na mashua hushinda majini. Nani angetaka ushahidi zaidi? Wakaupaka ukuta ule wa udongo vanishi ya mashua, mkono wa kwanza na wa pili, na Mwanatabu alivipaka viganja yeye mwenyewe, taratibu, kama anayempaka mgonjwa mafuta.

Mvua ya kwanza iliteleza ikapita. Margaret alikuja kutazama, akasema ukuta unang'aa kama kipara cha mzee aliyetoka kwa kinyozi, na Mwanatabu akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Lakini ukuta wa udongo si mashua. Hunywa maji mvua ikinyesha na kuyatoa jua likiwaka, na hivyo ndivyo unavyodumu. Mvua za mwezi wa Mei ziliingia kwa juu, penye makuti yaliyochakaa, zikateremka nyuma ya vanishi, na maji yakakosa pa kutokea. Ukuta ukavimba. Asubuhi moja Mwanatabu alikuwa akipuliza moto wa chai aliposikia kishindo. Alipotoka alikuta ngozi yote ya ukuta imebanduka na kuvunjikavunjika barazani, na fito zimebaki nje kama mbavu. Mvua za miaka mingine zilikuwa zikiosha picha na udongo wa juu tu, hazijawahi kuuangusha ukuta.

Alilia kuliko siku ya maziko. Margaret alipiga magoti matopeni pamoja naye, wakatafuta vipande vya viganja, wakapata nusu ya kimoja na lile gumba lililopinda. Mwanatabu akavitia katika karai na kulisukuma mvunguni mwa kitanda. Mastura alipofika alilia naye, kisha akamwambia kwamba sasa basi, nyumba ya mawe haibanduki. Mwanatabu alijibu wangoje mvua ikatike. Hakukataa, na Mastura akaanza kuwaza chumba atakachompa.

Mwezi wa Juni anga likafunguka, kusi likaanza, na majirani wakaja kukandika, Mastura pamoja nao. Hata mtu akitaka kuhama, nyumba haiachwi fito zikiwa wazi. Katana, aliyekuwa hajamtazama Mwanatabu usoni tangu siku ukuta ulipoanguka, alichimba udongo peke yake mpaka jasho likamtiririka. Pale Mtongwe udongo mpya haurushwi mtupu, kwa kuwa ukikauka hupasuka. Hukandwa pamoja na ule wa zamani ulioanguka. Katana aliuliza, akiwa ameinama, kama kuna udongo wa zamani mwingine zaidi ya lile fungu la barazani, maana mvua ilikuwa imeuchukua mwingi na uliobaki hautoshi. Wote walijua kilichokuwa mvunguni.

Mwanatabu akaingia ndani, akalivuta karai. Gumba lilikuwa kavu, limepinda vilevile. Alitaka kulificha tena. Ndipo akakumbuka kazi yake mwenyewe: kila mwaka, yeye kwa mikono yake alizoa udongo ulioanguka, wenye viganja vya mwaka uliopita, akautupa shimoni ukandwe, na hakuwahi kudondosha chozi. Ilikuwa kazi tu. Basi viganja vyote vilikuwa ukutani humo, hata vya mwaka wa harusi yao, na alikuwa akiviegemea kila jioni. Hivi vya mwisho tu ndivyo alivyokuwa amevizuia visiingie.

"Mastura."

"Abee, mama."

"Nishikie karai hili."

Wakatoka nalo. Mwanatabu alibandua vanishi kwa kucha, kama utando wa maziwa, akavitia vipande shimoni na kumimina maji yeye mwenyewe. Gumba likalainika, likafumuka, likawa udongo. Akavua viatu, akakunja leso yake magotini, akaingia kukanda. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, ila miguu haikusimama.

Jua lilipokuwa linashuka ukuta ulikuwa umekamilika, mbichi, mwekundu. Mastura alisogea karibu na mlango. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akabandika viganja vyake viwili.

"Wewe mtoto," Mwanatabu akasema, "mbona waniharibia ukuta wangu?"

Mastura akacheka, kicheko cha baba yake hasa, na Margaret ikabidi ageuke atazame mikoko.

Ukuta ulipokauka Mwanatabu alichora masika. Aliteremsha masizi kwa mistari mirefu, akakizamisha kilima cha Changamwe nyuma ya mvua, moshi usionekane kabisa. Chini aliweka mikoko, na safari hii aliyachanganya majani ya kunde na masizi kidogo, akashtuka: kile kijani kikatokea. Miaka yote kilikosa weusi tu. Alivizunguka viganja vya binti yake kwa uangalifu, hakuvigusa.

Katana alipita jioni, akauliza kwa woga.

"Mama, na masika yajayo tutaufanyaje ukuta huu?"

"Iache mvua inyeshe, mwanangu," Mwanatabu akasema, huku akiosha masizi vidoleni. "Tutakanda tena."

Mastura, aliyekuwa akikunja nguo zake arudi Kiembeni, alilisikia neno lile. Habari ya kuhama hakuitaja tena. Aliuliza tu ni mwezi gani aje kusaidia kukanda.