Msiba Usio na Mtani

Karakana ya Mwanaasha pale Doornfontein, Johannesburg, ilikuwa na vyerehani sita, pasi moja na vita moja. Vyerehani na pasi alivinunua mwenyewe. Vita hakuinunua, ilikuja na mafundi wake wawili kutoka Kodivaa, ile nchi ya Afrika Magharibi ambayo wengine huiita Ivory Coast.

Octave alikuwa Mguro, fundi wa suruali, mtu mwembamba mwenye majivuno mapana. Drissa alikuwa Msenufo wa kaskazini, mpole, mnene, mdarizi wa makanzu, mwenye kucheka na kila mtu isipokuwa huyo mmoja. Zamani walipanga jengo moja kule Berea na kula sufuria moja. Halafu mwaka 2011 kwao kukawaka moto, kaskazini na kusini wakauana kwa ajili ya uchaguzi, na Bertin, kaka yake Octave, akapigwa risasi huko nyumbani. Tangu wakati huo hawakusemeshana. Miaka sita! Hata salamu ya Mungu hakuna.

Mwanaasha naye, bila kujua lolote, akawaajiri wote wawili. Siku Drissa alipoingia, Octave alinyanyuka, akaishika mashine yake kwa mikono miwili, akaigeuza ikatazama ukuta. Kuanzia hapo kila kitu kikapitia kwa Léocadie, mkata vitambaa, Mkongo wa Bukavu.

"Mwambie yule anipe mkasi."

"Mwambie yule mkasi uko mezani."

Na kweli mkasi ulikuwa mezani, baina yao, mtoto wa kutambaa angeufikia.

"Miye niko mama ya watoto ine," Léocadie alilalamika, "leo nimegeuka posta!"

Aliyejitolea kuleta suluhu ni Luqman, mlinzi wa mlango wa chini. Huyu alikuwa Mkenya wa Likoni, na ujanani aliwahi kupelekwa Sierra Leone na jeshi la kwao kulinda amani. Kofia yake ya bluu ya Umoja wa Mataifa bado anayo, na ukimpa kikombe cha chai atakusimulia jinsi alivyowatenganisha watu elfu mbili kwa filimbi. Ukimwongeza andazi, wanakuwa elfu tano.

"Dada Mwanaasha," alisema, "hapa panatakiwa ukanda wa amani."

Akachukua utepe wa satini wa bluu, mzuri kabisa, uliokuwa wa gauni la bibi harusi mmoja wa Soweto, akaubandika sakafuni kutoka mlangoni mpaka dirishani. Huku Octave, huku Drissa. Loo, wakauheshimu huo utepe kuliko sheria za nchi! Tatizo pasi ilibaki upande wa Drissa, na kwa wiki mbili suruali za Octave zikatoka zimekunjamana kama uso wa aliyenyimwa viza. Wateja walipoanza kurudi na suruali zao, Mwanaasha aliubandua utepe kwa hasira, akamwambia Luqman arudi mlangoni kwake akalinde magari.

"Amani haina haraka," Luqman alijibu, bila kuona haya.

Mwishoni mwa Juni 2017 Léocadie akawasomea habari kwenye simu. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yanafungasha virago Kodivaa. Wamekaa miaka kumi na tatu, kazi yao imekwisha, watu wanapatana. Luqman, aliyekuwa amepanda kuomba chai, akapiga makofi. Mwanaasha akatupa jicho kulia, akaona mgongo wa Octave. Akatupa kushoto, akaona mgongo wa Drissa.

"Eish," alisema. "Hawa wamesahauliwa kwenye orodha."

Siku tatu baadaye simu ya Drissa ikaita kutoka Korhogo, mji wa kwao. Alisikiliza amesimama, akakaa, akavua tondoo ya kukinga sindano kidoleni na kuiweka mezani taratibu. Mama yake, Sita, alikuwa amefariki na keshazikwa. Kwenda asingeweza, kibali chake cha ukimbizi hakimruhusu kurudi alikokimbia. Angeweka matanga hapa hapa, chumbani kwake Joubert Park, Jumapili.

Mwanaasha alimwacha alie. Alipotulia kidogo akamuuliza anataka nini, wali au uji, viti au mikeka.

"Chakula kipo, mama. Mikeka ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumtukana mama yangu."

"Astaghfirullah! Wa kumtukana?"

Drissa akaeleza huku akijifuta uso kwa kipande cha kitenge. Kwao, Wasenufo na Waguro walikula kiapo tangu enzi za mababu. Hawagombani. Wakikutana ni kuitana watumwa, kudharauliana mapishi, kunyang'anyana kofia, wala hakuna wa kukasirika. Akifa mmoja wao, wale wengine huja kumcheka marehemu mbele ya wafiwa, mpaka wafiwa wacheke. "Asipochekwa," Drissa alisema, "mazishi yake ni ya mbwa. Nimeshindwa kumzika mama, na sasa nimeshindwa hata kumpatia wa kumcheka. Na katika Johannesburg yote hii, Mguro ninayemjua ni mmoja."

Akaelekeza kidevu kwenye ule mgongo uliotazama ukuta.

Mwanaasha akapiga paja. Kumbe utani! Yeye mwenyewe ni Mzigua wa Handeni, na watani wa Wazigua ni Wanyamwezi. Siku ya kumzika baba yake, Mnyamwezi mmoja alirukia kaburini, akajilaza chali, akasema hatoki kwa sababu shimo ni zuri na marehemu alikuwa mchoyo, hastahili kulipata peke yake. Mwanaasha alikuwa na miaka kumi na tisa, macho yamemvimba kwa kulia, na alicheka mpaka akaona aibu. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomvusha mwaka ule wote.

Basi akamwendea Octave. Alijaribu upole, alijaribu ukali, alijaribu hata kumsifia suruali zake.

"Hapana, mama," Octave alisema.

"Ni mama yake mzazi, Octave! Vita hakuipiga yeye."

"Najua hakuipiga." Akaendelea kukanyaga cherehani. "Sitakwenda."

Jumapili ilifika na baridi yake ya Julai. Lifti ya jengo la Drissa ilikuwa imekufa zamani kuliko marehemu, naye alikaa ghorofa ya nne, na Mwanaasha alikuwa na sufuria la pilau la watu arobaini. Luqman mgongo unamuuma. Léocadie kabeba mikeka. Msimfikirie Mwanaasha vibaya. Alimpigia Octave kwa sababu ya sufuria, na kama kulikuwa na sababu nyingine hakumwambia mtu.

"Nabeba mpaka mlangoni," Octave alionya. "Mlangoni tu."

"Mlangoni tu, baba. Nani kasema zaidi?"

Alilifikisha, akalitua kizingitini, akasimama pale pale nje ya mlango akihema.

Chumba kilijaa. Wasenufo walikuwa saba au wanane, wengine Wamali na Waburkina waliokuja kwa heshima. Dua ikasomwa, pilau likaliwa, kisha kila mtu akawa anaangalia kucha zake. Drissa alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Hakuna aliyeita. Mwanaasha akamwona anatazama mlango, anainamisha kichwa, anatazama tena, na moyo ukamkatika. Huyu atakaa hivi mpaka lini? Akajiambia utani ni utani, damu ya Kizigua inatosha.

Akasimama, akafunga kanga kiunoni, akajitupa katikati ya mkeka chali, pu!

"Siondoki!" alipiga kelele kwa Kifaransa chake cha kuokoteza. "Nimesikia huyu marehemu Sita alikuwa mchoyo wa chumvi! Mchuzi wake hata nzi walikuwa wakiuonja wanaomba radhi!"

Mungu wangu. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja Msenufo akasimama, akauliza kwa Kifaransa huyu mwanamke ni nani. Léocadie akajifunika uso kwa mikono. Drissa alikuwa amekodoa macho, na machoni mwake hamkuwa na hasira, afadhali ingekuwa hasira. Mlikuwa na maumivu matupu. Mwanaasha, chali vile vile, akaelewa alichokifanya. Mtani ana ruhusa ya mababu. Yeye alikuwa mwajiri tu, amelala kwenye mkeka wa msiba wa watu, anamsimanga mama wa mtu. Akatamani ardhi ipasuke, na ghorofa nne zote zimpokee.

Luqman akavaa kofia yake ya bluu. "Jamani, tutulie," alianza, "kila upande urudi nyuma hatua tano..."

"Mama, toka hapo!"

Sauti ilitoka mlangoni. Octave alikuwa ameingia na viatu vyake, uso umemwiva, Kiswahili na Kifaransa vikimtoka pamoja.

"Toka! Hivyo sivyo inavyofanywa! Nani kakupa ruhusa? Chumvi? Unamsema Msenufo chumvi? Msenufo hajui hata chumvi ni nini!" Akamshika Mwanaasha mkono, akamwinua, akamsukumia kwa Léocadie. "Hawa ni watumwa wangu. Wangu! Ukitaka wa kutukana katafute wako."

Yule mzee akakaa. Polepole, mkono wake ukapanda kuficha mdomo.

Octave akazunguka chumba amefunga mikono nyuma, kama afisa anayekagua jela, sasa kwa Kifaransa kitupu, Léocadie akimnong'onezea Mwanaasha. "Kwa hiyo Sita amekufa. Nimefurahi. Nani sasa atamaliza karanga zote za Korhogo? Malaika wamenipigia simu asubuhi, wanasema mlangoni kumekuja bibi mmoja ana mfuko wa karanga, anatema maganda peponi, wafanye nini? Nikawaambia mpeni ufagio, ni mtumwa wetu, kazi anaijua." Akaivua kofia ya Drissa kichwani, akaivaa. "Na huyu ndiye mwanawe. Jamani, mwangalieni. Mwanamke akizaa kitu kama hiki halafu akaishi miaka sabini na nane, huo si umri, huo ni ujasiri."

Kwanza alicheka mtu wa pembeni. Halafu yule mzee, akijipiga magoti. Halafu chumba kizima, Wamali, Waburkina, Luqman ambaye Kifaransa hakijui na alikuwa anasubiri Léocadie amtafsirie. Mwisho akacheka Drissa. Tumbo lilianza, mabega yakafuata, kikatoka kicheko kikubwa chenye machozi ndani yake, na Mwanaasha akalia kwa raha, kamasi na vyote.

Octave hakucheka. Alisimama na ile kofia ya mwenzake kichwani mpaka kelele zikaisha.

"Mimi nimekuja," alisema. "Léocadie, usinitafsirie, nataka mama naye asikie, kwa Kiswahili chetu cha karakanani. Bertin alipokufa nililia siku tatu pale Berea. Wewe ulikuwa ghorofa ya chini yangu, Drissa. Ulisikia. Kila hatua kwenye ngazi nilisema, huyo mtani wangu, anakuja kumcheka kaka yangu. Hukuja."

Kumbe hiyo! Miaka yote karakana nzima ilidhani ni kura, ni bunduki, ni kaskazini na kusini.

"Niliogopa," Drissa alisema. "Watu wetu ndio waliomuua. Nitaanzaje kucheka? Nilifika mpaka kwenye mlango wako, Octave. Nikarudi."

"Ungepigwa. Labda. Halafu ungemcheka."

Hata Luqman, na hilo lisisahaulike, alivua kofia.

Drissa akanyanyuka kwenye mkeka wa mama yake. Ilimchukua muda, mtu mnene mwenye huzuni. "Sikuwahi kumwona huyo Bertin," alisema.

"Mtani hahitaji kumwona mtu."

Drissa akajifuta pua. Akakohoa. "Nasikia... nasikia marehemu Bertin alikuwa na sura mbaya. Mbaya sana. Nasikia ile risasi haikumlenga yeye. Risasi yenye akili zake ingemtakia nini mtumwa wetu yule? Ilifumba macho ipite haraka isimwone, masikini, ndiyo ikamgonga."

Mwanaasha alishika kanga yake mdomoni. Hii imezidi, alijisemea, hii sasa itamwaga damu.

Octave alitoa sauti ambayo haikujulikana ni nini. Akaketi sakafuni na viatu vyake, akicheka, ameshika uso kwa mikono miwili, na machozi yakipita katikati ya vidole. Drissa akanyamaza, ameogopa, akamwinamia na kumshika bega.

"Endelea," Octave alisema. "Usinyamaze, mtumwa wewe. Ana miaka sita anakungoja."