Chumba cha Baba Mkwe

Veneranda alikuwa fundi cherehani, na ramani ya nyumba yake aliichora kwenye karatasi za kukatia nguo, kwa chaki ya bluu. Hii ilikuwa ya saba. Zile sita za mwanzo alizikunja na kuzisukuma chini ya meza, kwa sababu zote zilikuwa na kosa lile lile: mahali fulani ndani ya nyumba, ama kwenye korido ama mlangoni mwa choo, yeye na baba mkwe wake wangekutana uso kwa uso.

Kwa mwingine hilo lisingekuwa kosa. Lakini Veneranda, Mhehe wa Idodi huko Iringa, alikuwa ameolewa na Lusekelo, Mnyakyusa wa Kiwira, na katika ukoo wa Lusekelo mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawali pamoja. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia shambani mpaka mzee apite. Hata jina la mzee halitamki. Wengi wa mjini wameshayaacha hayo, lakini Mzee Rabson alikuwa mtu wa zamani, na Veneranda alikuwa ameyatunza kwa miaka kumi na miwili bila kuteleza. Baba mkwe wake alimjua kwa mgongo, kwa kofia, na kwa kile kikohozi alichokitoa makusudi kabla ya kukata kona, ili mkwe apate nafasi ya kujificha.

Sasa mzee alikuwa anapoteza macho. Jicho la kushoto lilikwisha. La kulia lilibaki kama la mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mkewe alishafariki, na kukaa peke yake Kiwira kulikuwa hakuwezekani tena. Watoto wake walikubaliana kwamba nyumba mpya ya Lusekelo, kwenye kiwanja chake cha Isyesye hapa Mbeya, ijengwe pamoja na chumba cha mzee. Kikae wapi, hapo ndipo walipokwama.

Jumamosi Veneranda alikwenda kiwanjani na karatasi yake. Filemoni, fundi wa nyumba, aliitandaza juu ya rundo la tofali, akaweka kokoto pembeni isipeperuke. Upepo wa Isyesye mwezi wa kumi hauna adabu. Aliitazama muda mrefu.

"Mama, hiki choo cha mzee umekiweka juu huku."

"Ndiyo, ili asipite koridoni kwangu."

"Choo hakipandi mlima, mama. Kiwanja kinateremka kule, na shimo tumeshachimba kule." Alielekeza kidole upande wa chini, ambako shimo la maji machafu lilikuwa wazi, refu kuliko mtu, limezungushiwa matawi machache ya miti. "Vyoo vyote vishuke chini. Na jiko lishuke chini."

"Nikishusha vyote, mimi na yeye tutakuwa tunapishana mlango mmoja siku nzima."

Filemoni alikuna kidevu. Yeye alikuwa Msafwa, lakini alikulia na Wanyakyusa, alielewa. "Mjengee kibanda uani basi. Wengi wanafanya hivyo. Ila uamue. Alhamisi vijana wanachimba msingi, na mvua haiko mbali. Nikishaondoka kwenda kazi ya Chunya, sirudi mpaka mwezi wa pili."

Veneranda aliikunja karatasi. Neno kibanda lilimkaa kifuani kama mfupa.

Kesho yake baada ya kanisa, Lusekelo alimwita dada yake Damari aje walimalize. Damari alikuwa mkubwa wao, mwanamke wa sauti nzito aliyekuwa na duka la vitenge Uyole. Hakuitazama hata ramani.

"Kibanda," alisema. "Chumba kimoja, choo chake, kule nyuma karibu na ua. Chakula mtoto atampelekea. Mambo yameisha."

"Hapana, wifi," Veneranda alisema.

"Hapana nini?"

"Asilale mbali. Awe ndani ya nyumba, pawe na mlango wa kumfikia."

Damari alimgeukia mdogo wake. "Umesikia? Mlango! Mkwe awe na mlango wa kuingia kwa baba mkwe." Kisha akamrudia Veneranda. "Mama Bertha, wewe ni Mhehe. Hatukulaumu, hukuzaliwa nayo. Lakini baba akijua kuna mlango, hatalala. Atakaa anausikilizia usiku kucha kama mwizi."

Lusekelo alikuwa anakwangua meza kwa kucha. "Mama Bertha, kibanda si kumtupa."

Veneranda alitaka kunyamaza, akashindwa. Lusekelo alilijua jambo lenyewe, lakini Damari alikuwa hajawahi kuambiwa.

"Baba yangu alikuwa na kibanda chake kule Idodi," alisema. "Hatua thelathini kutoka kwa kaka yangu. Kizuri, kina bati, kina saruji chini. Asubuhi moja hakutoka. Walipovunja mlango walimkuta nyuma yake, ameanguka, ameshika kikombe cha bati. Mlango ulikuwa na alama alipokuwa akiugonga. Hatujui aligonga muda gani. Alikuwa bado anapumua. Alikata roho kabla gari halijafika Iringa mjini."

Damari alirekebisha kitenge chake begani.

"Pole, wifi," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Lakini huyo alikuwa baba yako. Huyu ni mkwe wako."

Wakaachana hivyo. Jumatatu na Jumanne Veneranda alishona sare za shule huku akichora nyumba kichwani. Alikata mkono wa shati mara mbili upande mmoja. Kila alipofunga macho aliona korido, na mwisho wa korido mzee anapapasa ukuta, na yeye hana pa kuingia. Akiifuta korido, anaona kibanda, na mlango uliofungwa kwa ndani. Chakula kilikuwa hakipiti. Lusekelo alimuuliza kama anaumwa, akasema ni vumbi la kitambaa.

Jumatano asubuhi alichukua mfuko wa chokaa na futi ya kupimia, akaenda kiwanjani peke yake. Alitaka kuiona nyumba kwa ukubwa wake. Alimwaga chokaa ardhini, mstari kwa mstari: sebule, vyumba vya kulala, jiko, kile chumba kidogo cha kushonea. Akatembea ndani yake kama mtu anayeishi humo. Anatoka jikoni, anakwenda kushona. Mzee anatoka chumbani, anakwenda chooni. Wanakutana. Alifuta kwa mguu, akachora upya. Walikutana tena.

Hakusikia bajaji. Alichosikia ni kikohozi.

Aliinua kichwa. Mzee Rabson alikuwa ameshashuka, yuko ndani ya kiwanja, amevaa koti lake la kijivu, fimbo mkononi. Damari alikuwa bado barabarani, simu sikioni, amekipa kiwanja mgongo. Alikuwa amemleta mzee mjini kupimwa macho, na mzee aliomba apitishwe aone mahali atakapokaa. Veneranda aliyajua hayo baadaye. Wakati ule alijua jambo moja tu, kwamba hakuna ukuta. Nyumba yake yote ilikuwa chokaa. Alijigeuza, akavuta kitenge kichwani, akachuchumaa nyuma ya rundo la tofali kama alivyozoea.

Lakini kikohozi cha pili kilisikika upande ambao hakuutarajia. Alichungulia. Mzee hakuwa amekuja upande wa sebule. Mteremko ulikuwa unamvuta chini taratibu, na fimbo yake ilikuwa inagusa udongo laini uliotolewa shimoni. Alikuwa anaukwepa mlima wa udongo, anauzunguka, anaingia pale ambapo matawi yalikuwa yameangushwa na upepo.

Veneranda alimtazama Damari. Damari alikuwa anacheka kwenye simu. Akifungua mdomo, miaka kumi na miwili inakwisha. Alihesabu hatua za mzee kufika shimoni: tatu, labda mbili.

"Baba! Simama! Usiende mbele, kuna shimo!"

Mzee alisimama, mguu mmoja hewani. Fimbo ilishuka mbele yake, ikakosa ardhi.

Damari alikata simu akaja mbio, kitenge kinamwangukia, akamshika baba yake mkono na kumvuta nyuma. Alipopata pumzi alimgeukia Veneranda, naye Veneranda alikuwa amesimama, ameshawapa mgongo, viganja vyeupe kwa chokaa.

"Ni nani aliyeniita?" mzee aliuliza.

Damari alikuwa anamkung'uta udongo kwenye koti.

"Nimeuliza, Damari. Hiyo sauti siijui."

"Ni mke wa Lusekelo, baba," alisema Damari kwa shida.

Upepo ulipita. Veneranda alingojea mzee aondoke, atukane, au apige simu kwa Lusekelo palepale. Mzee alipapasa tofali, akakaa, naye akajigeuza akatazama barabarani, ili kila mmoja awe amempa mwenzake mgongo.

"Ndaga, mwanangu," alisema kwa Kinyakyusa, yaani nashukuru.

"Baba, hili jambo litahitaji wazee," Damari alianza.

"Litahitaji. Nitawapigia mimi, waniambie cha kufanya, tutafanya. Wewe ulikuwa unaongea na simu." Aliisimamisha fimbo katikati ya magoti. "Sasa nielezwe. Mnajenga nini hapa? Lusekelo ananiambia usijali, baba. Na wewe unaniambia usijali, baba. Watu wananichorea pa kulala na pa kwenda haja, na mimi sijaulizwa hata siku moja. Macho ndiyo yamekwisha. Akili ipo."

Hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza. Veneranda alilitambua hilo kwa aibu. Ramani saba, na zote alimchora mzee kama kabati linalotafutiwa pembe.

Damari alimshika mkono, akamtembeza ndani ya chokaa chumba baada ya chumba, akimwambia hapa sebule, hapa jiko. Veneranda alibaki pale pale, mgongo kwao. Walipofika kile chumba kidogo mzee aliuliza ni cha nini.

"Cha cherehani yake," Damari alisema.

"Anakaa humo muda gani?"

Damari alisita, akaugeukia mgongo wa Veneranda. Veneranda akajibu chini chini, kama anamjibu wifi yake: "Asubuhi mpaka jioni. Kukiwa na sare, mpaka saa nne za usiku."

Mzee akagonga ardhi kwa fimbo. "Basi mimi nilale nyuma ya ukuta huu hapa. Mlango wangu utoke nje, kule kunakopata jua. Ndani msiniwekee mlango, sitaki. Mwanamke apumzike kwake bila kuvaa kitenge kichwani kila saa. Lakini nikiwa na shida nitagonga ukuta, naye atanisikia, amwite mtu. Na kama hakuna mtu..."

"Ukuta utakuwa mnene, wifi," Veneranda alisema, bado kwa chini. "Hatutasikia."

"Hilo mwambie fundi," mzee akasema mwenyewe.

Filemoni alipofika mchana na kamba na vigingi, alisikiliza akaanza kucheka. Alisema ukuta huo mmoja, tofali zisimamishwe kwa ubavu, uwe mwembamba. Haubebi paa, hauna neno. Choo cha mzee kingeshuka chini moja kwa moja shimoni, bila kupita kwa mtu. Veneranda alimwomba avute kamba tena, kisha tena. Aliuliza kitanda kitakaa upande gani. Aliuliza mzee akiangukia mbali na ukuta itakuwaje. Filemoni aliacha kucheka.

"Mama, kwa hilo sina tofali," alisema.

Alhamisi walichimba. Veneranda alisimama kwenye ukingo wa msingi mpaka jioni, na kila jembe liliposhuka alijisikia kama anakata kitambaa ambacho hakuna dukani kingine.

Walihamia mwezi wa nane mwaka uliofuata, wakati wa baridi kali. Wazee wa Kiwira walikuwa wameshakaa juu ya lile jambo la kiwanjani, wakasema yao, likaisha. Mzee alikuwa haoni tena kabisa, lakini aliujua uwanja kwa fimbo, na asubuhi alikaa juani mlangoni kwake akisikiliza redio. Hakugonga ukuta hata mara moja. Wiki mbili za kwanza hilo ndilo lililomtesa Veneranda. Alikuwa anashona mistari michache, anasimamisha cherehani, anaegemeza sikio kwenye plasta. Akisikia kikohozi anaendelea. Asiposikia, anamtuma binti yake Bertha azunguke nje akamwamkie babu. Bertha alimwamkia babu mara sita kwa siku.

Jumapili moja Damari alitoka chumbani kwa baba yake akaja kusimama mlangoni mwa chumba cha kushonea. Alikuwa anajizuia kucheka.

"Wifi, nina ujumbe wako kutoka upande wa pili. Anasema cherehani yako inamsumbua."

Veneranda alishituka. "Kelele?"

"Hapana. Anasema inakatika katika. Kila ikinyamaza anafikiri umeanguka huku peke yako, anaanza kutafuta fimbo. Anaomba, kama u mzima, ushone."

Veneranda aliutazama ukuta. Kisha akavuta kiti, akaweka mguu kwenye pedali, akashona pindo refu la shuka bila kusimama.