Kumbe za Dalali

Vitabu havikumtisha Chiriku. Kilichomtisha ni mate.

Katika chumba kile cha tiba ya usemi mate yalikuwa kila mahali. Yalikuwa kwenye kioo ambacho wagonjwa walijitazama wakijifunza upya kubana midomo, kwenye vijiti vya kukandamizia ulimi, na kwenye vitambaa vya kifuani vilivyokauka vikawa vigumu kama kadibodi. Yalikuwa na harufu yake, harufu ya uji uliochacha na ya meno yaliyosahauliwa. Kila asubuhi, kabla ya kusukuma mlango, Chiriku alitia kipande cha tangawizi mdomoni, akajikaza kisabuni, ndipo akaingia.

"Na huko ndiko unakotaka kusomea shahada nyingine?" shangazi yake alimwuliza jioni moja. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na pini tatu mdomoni hazikuwahi kumzuia kusema. "Wewe uliyekuwa ukikimbia makamasi yako mwenyewe?"

"Nitazoea, shangazi."

"Na kazi yenyewe eti kufundisha watu kusema! Wewe ulianza kusema kabla hujaota meno. Tukakuita Chiriku, na mpaka leo hatujapata nafasi ya kuchangia."

Chiriku alicheka, kisha akamsomea kwa mara nyingine sentensi aliyoiweka mwanzoni mwa maombi yake ya chuo: Nataka kuwapa sauti wasio na sauti. Aliipenda mno. Alipoiandika machozi yalimlengalenga.

"Tamu," shangazi akasema. "Hiyo sauti utaitoa wapi?"

Chiriku alichokuwa nacho ni shahada ya kwanza ya isimu na hamu iliyomkosesha usingizi. Chuo kilitaka mwombaji awe amejifunza kazi chini ya mtaalamu wa tiba ya usemi, na mtaalamu huyo amwandikie barua ya mapendekezo. Katika mji mzima mtaalamu alikuwa mmoja tu. Asipoandika yeye, hakuna wa kuandika.

Wote walimwita Mtaalamu. Alikuwa mtu msafi, shati jeupe, kucha fupi, manukato yanayotangulia mlangoni. Mate hayakumgusa kamwe. Palipokuwa na mdomo wa kufuta, alisema, "Binti, pale," akanyoosha kidole. Chiriku akabana pumzi, akafuta.

Mdomo aliofuta mara nyingi zaidi ulikuwa wa Mzee Dalali. Enzi zake mzee huyo aliendesha mnada wa mji, na watu walisema angeweza kumwuzia seremala kiti kilichovunjika, seremala akaondoka akishukuru. Kisha kiharusi kikampiga. Kikachukua upande wake wa kulia na maneno yote aliyokuwa nayo, kikamwachia moja. Kumbe.

Ukimwuliza jina, kumbe. Akisikia maumivu, kumbe. Akibanwa na haja, kumbe, kumbe, kumbe. Mke wake alimleta kila siku, akaketi nje kwenye benchi na chupa ya chai mapajani, kwa sababu Mtaalamu hakutaka ndugu ndani.

Haukupita muda Chiriku akagundua kwamba mzee alielewa kila alichoambiwa. Neno lilikuwa moja, lakini sauti ya mnada ilikuwa palepale. Kumbe fupi, iliyokatwa kama kwa shoka, ilikuwa "acha." Iliyopanda mwishoni ilikuwa swali. Ile iliyoshuka taratibu, macho yamefumbwa, ilikuwa "nimechoka, mwanangu." Chiriku alianza kumjibu, na mzee akaanza kumngoja. Wakati wa kumlisha, alipochanganya kinywaji kiwe kizito mzee asipaliwe, walizungumza hivyo, mmoja na maneno yote, mwingine na lake moja.

Lakini saa ya chai ilikuwa inakuja. Wauguzi wa vyumba vya jirani waliingia na vikombe vyao, na Mtaalamu akavuta kiti mbele ya mzee.

"Haya, tufungue redio," alisema, maana ndivyo alivyomwita mzee. "Mzee, una habari? Serikali imepiga marufuku minada yote."

Mzee angefungua mdomo apinge. Angekaza shingo, udenda ungechuruzika, na kilichotoka kingekuwa kilekile: "Kumbe!"

Kicheko. Wauguzi waliegemeana. Hapo ndipo palipokuwa na uovu wenyewe. Mtaalamu aliupima uongo wake ili hasira ya mzee ikitoka, iwe ndiyo utamu wa mzaha. Kadiri alivyopinga ndivyo alivyochekesha.

Chiriku alitazama sakafu. Alijiambia kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Barua kwanza. Akishakuwa mtaalamu naye, katika chumba chake hakuna atakayechekwa.

Asubuhi moja Mtaalamu akamwambia, "Barua yako naiandika leo mchana. Nimekuona, una moyo wa kazi hii." Chiriku akamshukuru kwa mikono miwili. Saa ya chai ikafika, vikombe vikaingia.

"Mzee," Mtaalamu akaanza, akitafuna biskuti, "leo habari ni ya nyumbani. Tumemwona mama hapo kwenye benchi, anapiga soga na kijana muuza simu. Anasema mume wake amekwisha, anatafuta mwingine mwenye maneno."

Uso wa mzee ukaiva. Mkono wake mzima ukapanda hewani, midomo ikapigana, mate yakaruka mpaka kwenye kioo. "Kumbe! Kumbe! Kumbe!"

Chumba kikalipuka. Mtaalamu, huku anafuta machozi ya kicheko, akamtupia Chiriku jicho. Na Chiriku akacheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, kama kwikwi, kicheko cha kumridhisha mwenye barua. Lakini kilisikika.

Mzee akaushusha mkono. Akageuza shingo, akamtazama yeye peke yake.

"Kumbe," akasema polepole.

Safari hii neno lilikaa mahali pake barabara. Hata kabla ya kiharusi, mzee asingepata lingine la kulishinda.

"Redio imeishiwa betri," Mtaalamu akasema, na wakacheka tena.

Kinyaa kilichompanda Chiriku hakikutoka kwenye mate. Alimwona Mtaalamu akilamba makombo ya biskuti kwenye ncha ya ulimi, ule ulimi safi, mwekundu, mzima kabisa. Kisha akaonja kinywa chake mwenyewe. Tangawizi ilikuwa imegeuka shubiri. Alitamani kukitema kicheko kile sakafuni, akikanyage.

"Amesema kitu," akatamka.

"Nani?"

"Mzee. Ameniambia, kumbe na wewe ni kama wao. Na amesema kweli."

Muuguzi mmoja akakitua kikombe. Mtaalamu akatabasamu. "Binti, haya ni mazoezi. Tunamchokoza ili aseme."

"Basi mke wake aingie ayaone."

"Ukiufungua huo mlango," Mtaalamu akasema kwa sauti ya chini, "barua isahau."

Chiriku aliufungua. "Mama, karibu ndani."

Mama akaingia na chupa yake ya chai, hajui kuna nini. Papo hapo Mtaalamu akawa asali. "Karibu, mama, karibu! Mzee leo kachangamka sana!" Chiriku aliona hakuwahi kusikia kitu kichafu zaidi ya karibu ile.

Mama alikuwa anamtazama mume wake, ambaye machozi yake yalichanganyika na udenda kidevuni. "Nani kamliza?"

Chiriku akamweleza yote: habari za redio, uongo wa leo, waliocheka. "Na mimi nilicheka," akamalizia.

Mama akazungusha macho, kutoka uso hadi uso. "Na nyinyi ndio mnaofundisha watu kusema?" akauliza. Akaufuta mdomo wa mume wake kwa kanga yake, akamwinua, wakaondoka.

"Barua?" shangazi akauliza jioni.

"Hakuna."

"Na chuo?"

"Mwaka huu basi, shangazi. Mwakani nitatafuta mtaalamu wa mji mwingine." Akaitoa karatasi ya maombi, akaisoma ile sentensi aliyoipenda. Wasio na sauti. Ikamnukia vibaya, kama kitambaa cha kifuani kilichosahauliwa kikapuni. Akaipiga mstari.

Kesho yake alibisha mlango wa dalali. Mama alifungua nusu tu.

"Umekuja kucheka?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Na kumlisha, ukiniruhusu."

Mama alimpima kwa macho kitambo, kisha akampisha.

Mzee aliketi dirishani. Chiriku akapiga goti, akaomba radhi kwa maneno machache, yeye aliyekuwa nayo tele. Mzee hakugeuka. Chiriku akachanganya uji, akaupima uzito wake kwa kijiko, akampelekea mdomoni. Mzee akaupokea. Akauweka shavuni. Kisha akamtemea.

Uji wa vuguvugu ulimpata shingoni, ukateremka ndani ya blauzi, pamoja na harufu yake. Siku hiyo hakuwa na tangawizi. Akameza mate. Macho yakamjaa maji. Lakini hakuinuka.

"Haki yako, mzee," akasema.

Mzee akamtazama, shavu moja likitetemeka. "Kumbe," akasema. Haikupanda, haikushuka, wala haikukatwa. Chiriku hakuwahi kuisikia hiyo.

Akachota kijiko kingine, uji ungali ukimchuruzika kifuani.

"Hiyo sikuielewa, mzee," akasema. "Irudie."